Kituo cha kura kimefika Jambur, cheti cha mtoto bado: barua ya wazi kwa viongozi wa Talala na Junagadh

Kwa:
Mheshimiwa Bhagvan Barad, Mbunge wa Talala, Bunge la Gujarat
Mheshimiwa Rajesh Chudasama, Mbunge wa Junagadh, Bunge la India
Mkuu wa Wilaya ya Gir Somnath, Veraval
Nakala: Tume ya Uchaguzi ya India, New Delhi

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Tanga. Barua hii nimeiandika kwa Kiswahili, na rafiki yangu wa Rajkot amenisaidia kuitia katika Kigujarati. Nakala ya Kigujarati imeshatangulia kwenu kwa posta. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa sababu watu wa pwani yetu wengi hawajui kwamba wana ndugu wa damu, Wasiddi wa kijiji cha Jambur, wanaopiga kura katika jimbo lenu la Talala, kando ya msitu wa Gir, na nataka wao pia wajue nimewaomba nini.

Nilikaa Rajkot miaka mitatu nikisoma. Huko ndiko nilikosikia habari za Wasiddi kwa mara ya kwanza, kutoka kwa kondakta wa basi aliyenitazama usoni akaniuliza kama natoka Jambur. Nikamwambia natoka Tanzania. Akacheka, akasema nifike Jambur nikawaone jamaa zangu. Jumapili moja nikapanda basi hadi Talala, kutoka hapo nikachukua chhakdo, ile bajaji ya Saurashtra, yaani rasi ya magharibi mwa Gujarat, yenye mwili mkubwa na injini ya pikipiki, ikatupitisha katikati ya mashamba ya maembe hadi kijijini. Nilishuka nikaona sura za Pangani. Sitii chumvi. Mzee aliyekaa barazani alikuwa na paji la uso na mashavu ya mjomba wangu, lakini alipofungua kinywa kilitoka Kigujarati cha Kathiawar, jina jingine la Saurashtra, ambacho mimi, kwa mwaka wangu wa pili wa kujifunza, nilikipata nusu nusu.

Mababu zao walivushwa bahari kwa karne nyingi, wengine wakiwa watumwa, wengine askari, wengine mabaharia, kutoka Uhabeshi na mwambao wetu wa Afrika Mashariki. Lugha ya mababu imekwisha vinywani mwao. Ngoma imebaki, nao wanaiita goma. Mengine kuhusu asili yao nawaachia wanahistoria, maana si hayo yaliyonifanya niandike.

Nilikaribishwa chai na mama mmoja wa makamo ya bibi yangu. Kule chai humiminwa kwenye kisahani ipoe, mtu akainywa humo humo. Tulipokuwa tunakunywa akaingia binti yake na mtoto wa kiume wa kidato cha juu, mrefu, mwenye haya. Mama yule aliposikia kwamba nasoma chuo, akaenda kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa fundo mbili. Ndani mlikuwa na karatasi zote za nyumba ile: kadi ya chakula cha ruzuku, kadi za utambulisho, kadi za kupigia kura, na chini kabisa ombi la cheti cha kabila la yule mjukuu, lenye mihuri miwili na alama ya kukataliwa. Akanipa nisome, kana kwamba msomi yeyote angeweza kupata humo neno walilolikosa wao.

Kisa chenyewe ni hiki. Yule binti aliolewa na Msiddi wa upande wa Bharuch, karibu na Ratanpur, penye kaburi la Bava Gor ambako Wasiddi wa Gujarat huenda kuzuru. Mumewe akafariki. Akarudi kwao Jambur na mtoto wake. Mtoto amekulia hapo, amesoma hapo, anacheza goma hapo, na rangi yake na jina lake ni vya Kisiddi. Alipoombewa cheti, ofisi moja ikasema kabila la mtoto hufuata la baba, na baba alitoka wilaya ambayo Wasiddi wake hawamo kwenye orodha. Wakarudi mara ya pili na barua ya kijiji. Jibu likawa lile lile. Ofisi hiyo siitaji, kwa kuwa karani aliyekataa hakuvunja sheria. Alifuata sheria kama ilivyoandikwa, na ndiyo maana nawaandikia ninyi na si yeye.

Kwa wasomaji wangu wa Kiswahili nieleze kidogo. Katiba ya India, ibara ya 342, inaweka orodha ya makabila yanayostahili ulinzi maalumu. Mtu akiwa kwenye orodha hiyo, na cheti cha kabila cha kuthibitisha, ana nafasi zilizotengwa vyuoni, ana ufadhili wa masomo, ana bweni, na asilimia 7.5 ya ajira za serikali kuu zimewekwa kwa ajili ya watu wa orodha. Katika Gujarat, Wasiddi wametajwa humo, ila kwa masharti: Msiddi wa wilaya za Amreli, Bhavnagar, Jamnagar, Junagadh, Rajkot na Surendranagar. Wilaya sita, zote za Saurashtra; Gir Somnath yenu, ilipo Jambur, ilimegwa kutoka Junagadh. Msiddi wa Bharuch hamo. Wa Ahmedabad hamo. Wa Kutch hamo. Ni watu wamoja, wanaoana, wanazikana, wanaimba dhikri moja kwa mtakatifu mmoja, lakini mstari wa wilaya umepita katikati ya kitanda cha ndoa.

Sasa nirudi kwenye ule mfuko wa plastiki. Binti yule aliporudi Jambur mjane, jina lake lilihamishiwa kwenye daftari la wapiga kura la Talala bila taabu. Alijaza fomu, kadi ikaja. Hakuna aliyemuuliza marehemu mumewe alikuwa wa wilaya gani. Siku ya kura alisimama foleni na mama yake, wakapakwa wino kidole cha kushoto, akabonyeza kitufe chake. Nchi yenu ilimtambua siku ile moja kwa moja. Mwanawe haijamtambua hadi leo. Karatasi mbili zimo ndani ya mfuko mmoja, moja inasema huyu ni wetu, nyingine inasema mtoto wake hatumjui.

Waheshimiwa, siandiki kama mtu anayeona uchaguzi wenu ni mchezo. Nimeona nchi chache zinazomheshimu mpiga kura kwa namna ninyi mnavyofanya. Humo humo ndani ya wilaya yenu, kule Banej katikati ya msitu wa simba, Tume ya Uchaguzi hufungua kituo kamili kwa ajili ya mpiga kura mmoja tu, mlinzi wa hekalu. Kwa miaka mingi alikuwa Mahant Bharatdas. Alipofariki mwaka 2019, akamrithi Mahant Haridas, na kituo kikaendelea kufunguliwa. Maafisa hubeba mashine, wino, daftari na godoro zao, hupita njia ya msituni, hulala huko, ili mtu mmoja asipoteze kura yake. Kanuni yenu ni kwamba mpiga kura asitembee zaidi ya kilomita 2 kufika kituoni. Nilipowasimulia wazee wa Tanga habari ya Banej, walinyamaza kwanza, kisha mmoja akasema, hiyo ndiyo serikali.

Na udongo wa Junagadh una historia yake ya kura. Mwaka 1947 mtawala wake, Nawab Mahabat Khan, aliitangaza Junagadh kuwa sehemu ya Pakistan, halafu mwezi Oktoba akakimbilia Karachi. Tarehe 20 Februari 1948 watu wakaulizwa wenyewe. Walioandikishwa walikuwa 201,457. Walipiga kura 190,870, na kati yao 91 tu ndio waliochagua Pakistan. Kwa hiyo Junagadh imebaki ndani ya India kwa kura za watu wake, na hakuna mtu wa huko anayehitaji kufundishwa na mgeni kura ina uzito gani.

Talala nayo imeitwa kituoni mara nyingi kuliko kawaida. Mwaka 2012 ikamchagua Jashubhai Barad wa chama cha Congress. Alipofariki ukaja uchaguzi mdogo wa 2016, chama cha BJP kikachukua kiti kwa Govind Parmar. Mwaka uliofuata, 2017, kiti kikarudi Congress kwako wewe, Mheshimiwa Bhagvan Barad, mdogo wake Jashubhai. Mwaka 2019 uchaguzi mdogo mwingine ukatangazwa, na Mahakama ya Juu ikausimamisha kabla watu hawajapiga kura. Novemba 2022 wewe ukahamia BJP, na tarehe 1 Desemba wananchi wakakurudisha kwa tiketi ya chama ulichokuwa ukishindana nacho miaka yote. Chama kimebadilika, aliyechaguliwa ni yule yule. Mimi nausoma uamuzi huo hivi: watu wa Talala wanamchagua mtu wanayemjua nyumbani, wanayeweza kumfuata mlangoni na shida yao. Basi shida ya mfuko wa plastiki imekuja mlangoni.

Siku hiyo hiyo ya 1 Desemba 2022 ndipo Jambur ilipowekewa kituo maalumu cha kura cha Wasiddi kwa mara ya kwanza. Picha zilifika hadi kwetu. Kijiji kilicheza goma kusherehekea. Niliitazama video ile mara nyingi nikitafuta sura za wenyeji wangu, na nakiri nilitokwa na machozi. Watu ambao mababu zao walihesabiwa kama mizigo melini sasa wanahesabiwa mmoja mmoja kwa majina, nao wanacheza kwa furaha ya kuhesabiwa. Tume iliyofanya hivyo naishukuru kwa moyo wangu wote.

Ila furaha ile ndiyo inayonifanya niulize. Serikali inayoweza kupeleka mashine kwa mtu mmoja Banej, na kuweka kituo maalumu Jambur, inajua njia ya kufika kwa Wasiddi. Njia hiyo haiwezi kuwa ya siku moja kila uchaguzi. Kila kitu kingine wanachokihitaji bado wao ndio wanaokifuata, kwa nauli yao, kwa siku yao ya kibarua iliyopotea, na mara nyingi wanarudi mikono mitupu.

Mheshimiwa Chudasama, orodha ya makabila haibadilishwi na karani wala na Mkuu wa Wilaya. Inabadilishwa na Bunge la India, na wewe umo humo tangu 2014, umechaguliwa mara tatu mfululizo. Jambo ninaloliomba si geni. Wasiddi wa Karnataka waliingizwa kwenye orodha mwaka 2003, lakini kwa wilaya moja tu ya Uttara Kannada. Wenzao wa Belagavi na Dharwad wakabaki nje, kama walivyo nje wa Bharuch leo. Bunge lenu lililiona kosa hilo, na mwaka 2020 marekebisho yakakamilika, wilaya hizo mbili zikaongezwa. Bunge lilikubali kwamba Msiddi habadiliki kuwa mtu mwingine akivuka mpaka wa wilaya. Ulikuwa mbunge wakati huo. Nakuomba uupeleke muswada wa namna hiyo kwa Gujarat, maneno ya wilaya yaondolewe, ibaki Msiddi tu. Najua Bharuch si jimbo lako, na mtu anaweza kukushauri kwamba kura za huko hazikuhusu. Lakini mjane wa Jambur anakupigia kura wewe, na mwanawe amezuiwa na wilaya iliyo nje ya jimbo lako. Mwingine wa kumsemea hana.

Wasiddi ni wachache, nalijua hilo. Katika viti 182 vya Bunge la Gujarat, 27 vimetengwa kwa ajili ya makabila ya orodha, na Talala si mojawapo. Jamii za Ahir, Koli, Karadia na Patel zikijipanga, kura za Jambur haziangushi mtu wala hazimwinui. Chama kikipiga hesabu za ushindi, kijiji hiki kinaweza kurukwa. Ndiyo maana narudia Banej. Kura moja ya Banej haijawahi kuamua mshindi, na bado mnaifuata kila mara.

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, kwako nina ombi jepesi zaidi. Serikali kuu inawaweka Wasiddi wa Gujarat kati ya makabila 75 yaliyo katika hali ngumu kupita mengine. Tarehe 15 Novemba 2023 Waziri Mkuu alizindua mpango wa PM-JANMAN kwa ajili ya makabila hayo, bajeti yake zaidi ya rupia bilioni 241, kwa nyumba imara, maji ya bomba, barabara, umeme, mabweni na zahanati za kutembea. Ulipangiwa miaka mitatu ya fedha, kuanzia 2023-24. Nakuomba ubandike ukutani, katika kila kitongoji cha Wasiddi wilayani mwako, orodha ya kilichojengwa kwa mpango huo: nyumba ngapi, za nani, mabomba mangapi yanayotoa maji, bweni liko wapi, na kipi kimebaki. Daftari la wapiga kura hubandikwa wazi ili kila mtu atafute jina lake. Bandika na hili kwa namna ile ile, watu watafute majina yao.

Kuna na suala la msitu. Baadhi ya Wasiddi wanaishi ndani ya Gir penyewe, kama wale wa Sirwan, kijiji kilichotokana na enzi ya Nawab. Sheria ya haki za misitu ya mwaka 2006 inayapa makabila ya kundi hili la 75 haki ya makazi na mazingira yao ya asili kwa ujumla, si kiwanja cha nyumba peke yake. Mwezi Septemba 2024 ilitoka rasimu ya eneo la hifadhi kuzunguka Gir, inayogusa vijiji 196, na mikutano ya vijiji vya Talala ikaipinga. Wenye mashamba ya maembe walisikika, na ni haki yao kusikika. Embe la Kesar la Gir lina alama yake ya asili iliyosajiliwa tangu 2011, na ndilo uti wa mgongo wa soko la Talala. Kimbunga Tauktae kilipotua karibu na Una, Mei 2021, kiling'oa miti iliyochukua miaka kukua. Lakini wengi wa Wasiddi niliokutana nao hawana shamba la maembe. Wanachuma maembe ya wenzao kwa ujira wa siku. Mti ukianguka, mwenye shamba hulipwa fidia kwa mti wake, na mchumaji hatajwi popote. Mtakapojadili tena mipaka ya msitu, mtu wa kibarua naye aitwe mkutanoni.

Nimeona pia kinachofanyika Sasan. Jioni, kwenye hoteli za wageni waliokuja kuangalia simba, vijana wa Kisiddi hucheza ngoma ya dhamal, wanarusha nazi juu na kuipasua kwa kichwa, watu wanapiga picha. Ngoma ile ni nzuri, nami niliicheza nao nyuma ya jiko la hoteli mpaka jasho likanitoka. Ila kijana mmoja aliniambia ana stashahada ya ufundi umeme na hajapata kazi ya umeme. Kazi iliyopo kwake ni nazi. Kwetu tunasema mcheza kwao hutunzwa, na yeye yuko kwao.

Asifikiri mtu kwamba Jambur imekaa ikisubiri huruma. Mama Hirbai Lobi, aliyekuwa yatima akalelewa na bibi yake, alijifunza habari za miradi kwa kusikiliza redio, akawakusanya wanawake wa Kisiddi wakatengeneza mboji na kuiuza, wakaweka akiba, wakasomesha watoto. Mwaka 2023 Rais wa India alimvisha nishani ya Padma Shri mbele ya taifa zima. Mwanamke mmoja na redio yake alifika mbali hivyo. Ninyi mna ofisi, magari, sheria na bajeti.

Uchaguzi ujao wa Bunge la Gujarat utafika mwishoni mwa 2027. Mtoto wa mfuko wa plastiki atakuwa na miaka 18 kabla ya hapo, na atakuwa na kadi yake ya kura mkononi. Muda wake wa kuomba chuo kwa nafasi ya kabila utakuwa unapita miezi hiyo hiyo. Jibu lenu msinitumie mimi Tanga. Libandikeni Jambur, pale mlipoweka kituo cha kura, kwa Kigujarati na kwa herufi kubwa, maana bibi yake ndiye anayetunza karatasi za nyumba ile, na macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo.

Wenu kwa heshima,
Mwalimu wa sekondari, Tanga